Siku Papa Alipomwita Ngigi

Mwenye tuktuk alisimama pembeni mwa lami akazima injini.

"Boss, huko ndani siingii," alimwambia Papa. "Jana nilizama na abiria, tukavutwa na trakta."

"Lakini tulisikizana mpaka mlangoni."

"Hiyo ilikuwa kabla ya mvua, mzee."

Papa alishuka na viatu vyake vya kanisa. Mama akashuka na sufuria ya kuku, mimi nikashuka na mkungu wa ndizi. Barabara ya kwenda kwa kaka yangu Bravin, hapo Lanet, ilikuwa kama shamba lililolimwa jana likanyeshewa usiku. Kwenye kona palisimama bango kubwa la MCA, mwakilishi wa wadi ya huko, Mheshimiwa Ngigi, akitabasamu, na chini ya picha wameandika: BARABARA YENU, KAZI YANGU. Bango lenyewe lilikuwa safi. Hata tone la tope halikulifikia.

"Angalia hayo meno," Papa alisema. "Anatucheka."

"Tembea, Baba Bravin. Hukuja kuona Ngigi, umekuja kuona mjukuu."

Ilikuwa Siku ya Mashujaa, na kiwanda cha unga anakofanya kazi Papa kilikuwa kimefungwa. Mtoto wa Bravin alikuwa karibu kufikisha mwezi, na Papa alikuwa amemwona kwenye simu tu. Jumapili mtoto angebatizwa, na Jumapili hiyo Papa angekuwa zamu kazini. Kwa hivyo jina lilitakiwa lipatikane leo.

Kwetu Wabukusu jina halichaguliwi tu. Mtoto akilia sana, na hana njaa wala homa, wazee humwitia majina ya watu wetu waliokufa, moja baada ya jingine. Jina likiitwa akanyamaza, basi huyo ndiye amerudi. Papa alitaka jina moja tu, Makokha. Huyo ni babu yangu, babake Papa, aliyefanya kazi karakana ya reli hapa Nakuru mpaka nyundo zikamharibu masikio. Nyumbani kwetu Section 58 yeye ndiye alitufundisha sote kupiga kelele. Tulimzika mwaka jana. Siku ya mazishi Papa hakulia. Alisema tu, "Atarudi kwa Bravin," akachukua koleo.

Katikati ya barabara tope lilimvua Papa kiatu cha kushoto. Nilikivuta kwa mikono miwili na kikatoka kwa mlio ambao siwezi kuuandika hapa, kimejaa tope hata hakikuvalika tena. Tulipofika kwa Bravin, mfereji ulikuwa mkavu.

"Maji yalienda juzi," Bravin alisema. "Lakini msijali, ingieni tuone sherehe kwa TV."

Akabonyeza rimoti. Stima ikapotea hapo hapo, kama iliyokuwa ikimngoja abonyeze.

"Serikali!" Papa alisema, mguu mmoja na kiatu, mwingine na soksi.

Kui, mke wa Bravin, alitoka jikoni akicheka. Yeye ni Mkikuyu wa Molo, na nyumba yake haikosi viazi. "Karibu Papa, karibu Mama. Nekoye, lete hizo ndizi, na usijifiche nyuma ya Mama, nimekuona."

Mtoto alikuwa amelala kwenye kochi. Alikuwa mnene, na mashavu yake yalikuwa yameteremka mpaka shingoni. Papa alivuta kiti akakaa mbele yake, akamtazama kama mtu anayengoja maji yachemke. Tulikula kuku na viazi. Mtoto akaamka, akanyonya, akatuangalia mmoja mmoja, akacheka na ukuta.

"Huyu halii?" Papa aliuliza.

"Halii sana," Kui alisema kwa fahari. "Majirani hawaamini kama tuna mtoto."

Papa alikohoa kwa nguvu. Mtoto akapiga miayo. Papa akaangusha kijiko.

"Wewe, usianze kumfinya," Mama alimwambia. "Nakuona."

Ilikuwa baada ya chai ndipo alipolia, na alilia vizuri, mpaka ulimi ukatetemeka. Kui alimpa ziwa akalikataa. Mama alimgusa tumbo na paji la uso, akatikisa kichwa: hana kitu. Sote tulimgeukia Papa. Alisimama, akavua kofia, akaunganisha mikono kama anayesubiri sakramenti.

"Makokha," aliita, kwa sauti laini.

Mtoto akaongeza kilio.

"Makokha, baba."

Kilio. Akajaribu Khaemba, akajaribu Namasaka, akajaribu shangazi zake wa zamani ambao mimi sikuwahi kuwasikia, kisha akarudi kwa Makokha, polepole zaidi. Hakuna. Papa akakaa chini.

"Amekataa," alisema. "Mzee amekataa kuja."

Kui alimbeba mtoto begani akizunguka naye chumbani. "Papa, kwetu hatusumbuki hivi. Kijana wa kwanza ni jina la babake baba. Anaitwa Sitati kama wewe, tumemaliza."

"Mimi niko hai, mama! Unanirithisha jina nikiwa bado natafuna ndizi yako?"

"Ndizi ni zenu, Papa. Yangu ni viazi."

Papa hakucheka. Bravin, akitaka kubadilisha hewa, alifungua redio kwenye simu tusikie sherehe zimefika wapi. Sauti iliyotoka ilikuwa ya Mheshimiwa Ngigi mwenyewe, akihojiwa.

"...na barabara za huku Lanet, nasema zote, tumezikamilisha. Mwananchi anatembea na viatu vyeupe."

Papa aliinuka kama amekalia kaa la moto.

"Wewe Ngigi!" alinguruma, kidole kikiielekea simu. "Barabara iko wapi? Kiatu changu kimemezwa mchana kweupe na wewe unasema viatu vyeupe? Ngigi! Nakuuliza!"

Kukawa kimya, kimya kabisa. Mtoto alikuwa amenyamaza. Alimtazama Papa kwa macho makubwa, machozi yamesimama shavuni.

Mama ndiye aliyeanza. "Yesu wangu," alisema, na kanga akaiweka mdomoni. "Ngigi amerudi."

"Huyo mtu hajafa!" Papa alisema.

"Nani amemwona tangu kura?" Mama aliuliza.

Bravin alicheka mpaka akateleza kutoka kwenye kiti. Kui alifuta macho kwa nepi. "Mimi sina neno, nina mjomba Molo anaitwa Ngigi. Ana lori."

Lakini Papa alikuwa amekunja uso kabisa. "Nyinyi mnacheka. Desturi ni desturi. Nimeita, amenyamaza, mmeona wote. Sasa nitaenda kusema nini kwa kaburi la mzee? Kwamba nafasi yake imechukuliwa na mtu wa bango?"

Nilikuwa nimekaa kwenye kona na kikombe changu. Nilimvuta Mama nguo nikamnong'oneza.

"Mwambie mwenyewe," Mama alisema. "Nyumba nzima haina mtu wa kukuuma."

Niliweka kikombe chini. "Papa," nilisema, "Babu hakuwa anasikia."

"Umesema?"

"Masikio yake. Umemwita kama padri. Babu tulikuwa tunamwita namna hiyo?"

Papa alinitazama. Wakati huo mtoto, ambaye kicheko cha Bravin kilikuwa kimemchosha, alikunja ngumi akaanza kulia upya. Papa alitupa kofia kwenye kochi. Alipanua miguu, ule wa soksi na ule wa kiatu, akavuta pumzi ya kutosha watu wawili.

"MAKOKHA! WEWE MZEE! NAULIZA, BARABARA IKO WAPI?"

Vikombe vililia kabatini. Mtoto akanyamaza. Akamtazama Papa, akafungua ngumi, akajamba kidogo, akatulia.

Kisha sauti ya jirani ikavuka ukuta wa mabati: "Hata sisi tunauliza!"

"Huyu hata ukimwita Sukari kwa sauti hiyo atanyamaza," Bravin alisema, na Mama akampiga bega.

Papa hakuwasikia. Alimchukua mtoto mikononi mwa Kui, akamweka kifuani, na kwa mara ya kwanza tangu mwaka jana nikaona machozi yake. Yalishuka mpaka kwenye tabasamu. "Makokha," alimwambia, kwa nguvu kidogo, ili asikie. "Umechelewa, mzee. Chai imeisha." Stima ilirudi, TV ikawaka yenyewe, na hakuna aliyeiangalia.

Jioni tulirudi kwa tope lile lile. Papa alibeba viatu vyote viwili mkononi akaimba nyimbo za kwaya, sauti ya pili. Alipofika kwenye bango alisimama mbele ya yale meno.

"Ilibaki kidogo tu umnyang'anye mzee nafasi, kijana," alimwambia Ngigi, akapandisha suruali, akaendelea na wimbo.