Pini Zilizopinda

Karakana nzima walimwita Barafu. Kazi yake ilikuwa kutengeneza majokofu na viyoyozi, na mafundi wenzake, wote wanaume isipokuwa yeye, walipenda utani wa kinyume, maana pale hakukuwa na mtu mwenye hasira za karibu kama yeye. Alikuwa na miaka thelathini na mmoja, akiishi na mama yake kwenye nyumba ya vyumba vitatu, na kwa mwaka mzima alikuwa na jambo moja kichwani: kuunda kompyuta ya kuchezea gemu kwa mikono yake mwenyewe. Kununua iliyofungwa tayari hakutaka. Alitaka kuichagua kipande kwa kipande, ajue kila skrubu imeingia wapi.

Alijifunza hivyohivyo alivyojifunza majokofu, kwa kusoma, kuuliza na kukosea kwenye karatasi kabla ya kukosea kwenye kitu chenyewe. Kurasa za nyuma za daftari lake la kazi zilijaa michoro na mishale. Alichagua kwanza kadi ya picha, kwa sababu ndiyo inayobeba gemu, kisha akagundua ni ndefu kuliko kasha alilolipenda. Akabadilisha kasha. Kasha jipya likakataa feni aliyoitaka. Akabadilisha feni. Alipofika kwenye prosesa, ule ubongo wa mashine, alikuta madabodi aliyokuwa ameiandika, ule ubao mkuu unaounganisha vipande vyote, haina tundu la kuipokea, akafuta ukurasa mzima na kuanza upya, akitukana polepole ili mama asisikie.

Siku ya kwenda dukani alifuatana na kaka yake, kwa kuwa muuzaji wa vifaa vya kompyuta alikuwa rafiki wa kaka, na duka la vigae ambako kaka alifanya kazi lilikuwa mtaa uleule. Kaka alimzidi miaka sita. Alikuwa mtu wa watu, mcheshi, mwenye jibu kwa kila swali, hata lile ambalo hakulielewa.

Barafu aliweka daftari juu ya kaunta. Muuzaji akalisoma, kisha akainua macho na kumtazama kaka.

"Bosi, hii mashine ni ya kazi gani?"

"Ya gemu," Barafu akajibu.

"Sasa bosi, kwa gemu za kawaida hii pawa saplai aliyoandika ni kubwa mno." Alitoa boksi jingine chini ya kaunta. "Hii inatosha kabisa."

Barafu alikichukua kile kisanduku cha kugawia umeme, akakipima kiganjani. Kilikuwa chepesi kama kopo tupu. Kwa miaka tisa alikuwa ameshika vitu vyenye shaba ndani na visivyo na shaba, na mkono wake haukuhitaji kusoma lebo.

"Kadi ya picha peke yake inakula zaidi ya wati mia mbili," alisema. "Hiki kitaungua. Nipe nilichoandika."

"Bosi, hebu mweleweshe dada."

Kaka akacheka. "Msamehe. Huyu kazi yake ni majokofu."

"Umeme ni umeme," Barafu akasema. Alihisi masikio yakipata moto. "Na anayenunua ni mimi. Niangalie mimi unapoongea."

Muuzaji akamwangalia, kidogo akaona haya, akaenda kuleta kilichoandikwa. Vitu vyote vilipatikana isipokuwa prosesa, ambayo ingefika Alhamisi. Alhamisi Barafu angekuwa upande wa pili wa mji, akifunga chumba cha baridi cha duka la nyama.

"Nitaichukua mimi," kaka akasema. "Niko hapa hapa."

Alimletea Jumamosi asubuhi. Barafu alikuwa ameshatandaza kitambaa safi juu ya meza ya sebuleni, amepanga vipande vyote kwa mpangilio wa kuingia, skrubu ndogo kwenye kisahani cha chai. Alinawa mikono mara mbili. Kaka akakaa kwenye kochi na kikombe chake, mama akawa jikoni akimenya viazi mlango ukiwa wazi.

Prosesa haisukumwi. Ukiiweka sawasawa juu ya tundu lake huzama yenyewe, kama ufunguo kwenye kufuli lake. Hii haikuzama. Barafu aliinyanyua, akahakikisha pembe zake, akaiweka tena. Ikabaki inayumba juu. Akaigeuza kifudifudi. Chini yake kulikuwa na mamia ya pini nyembamba zilizosimama safu kwa safu, na kwenye pembe moja saba zilikuwa zimelala kama majani yaliyokanyagwa.

"Umefanya nini?" kaka akauliza. Alikuwa ameshasimama nyuma yake.

"Sijafanya kitu."

"Nilikuambia uniachie niifunge mimi. Hicho si kitu cha kukandamiza. Mikono imezoea kubomoa majokofu hiyo."

"Sijakandamiza."

"Basi zimejipinda zenyewe."

Mama akatoka jikoni na kisu mkononi, akainama juu ya meza, akatikisa kichwa. "Mwanangu, wewe una nguvu mno. Toka ukiwa mdogo, kitu hakidumu kwako. Mikono kama ya mwanaume."

Kwa muda wa kama nusu saa, na hilo ndilo lililomuuma zaidi baadaye, Barafu aliwaamini. Alikaa akiviangalia vidole vyake, akirudia kila alichokifanya, akitafuta wapi alikosea. Kaka alimaliza chai yake, akamgusa bega, akasema asijali, mambo ya kujifunza hayo, akaondoka. Mchana ule Barafu alimsikia mama kwenye simu na mama mdogo, akisimulia: kitu chenyewe hata hakijawaka, ameshakivunja. Wakacheka. Mama mdogo alikuwa na namba ya simu ya kila mtu katika ukoo, na kufikia Jumapili hakuna ambaye hakujua.

Jumatatu alienda dukani. Hasira ilikuwa imempanda kichwani, ikitafuta pa kutua, ikatua kwa muuzaji. Alimwambia mbele ya wateja watatu kwamba ameuza kitu kibovu, kwamba alimdharau tangu siku ya kwanza, kwamba ni mwizi.

"Dada, niliifungua hapa hapa mbele ya kaka yako," muuzaji akasema, uso umemwiva. "Tuliigeuza pamoja, pini zote zimesimama. Alipiga na picha. Muulize."

"Kaka yangu anajua nini? Ungemuuzia kigae angekubali."

Wateja wawili wakatoka. Barafu naye akatoka bila kupata alichokifuata.

Hakwenda kazini. Alienda saluni kwa wifi yake, mke wa kaka, mwanamke mkimya ambaye alimsikiliza mtu huku mikono ikiendelea na nywele za mwingine. Barafu alimwaga yote: muuzaji, pini, mama, mama mdogo. Wifi akamaliza kusuka mstari aliokuwa nao. Akamwomba mteja wake dakika tano, akamvuta Barafu uani palipoanikwa taulo.

"Ilikaa kwetu toka Alhamisi," alisema.

"Nini?"

"Hicho kitu. Kaka yako alikuja nacho na madabodi ya zamani iliyokuwa imetupwa stoo kazini kwao. Akasema anafanya mazoezi, Jumamosi akufundishe kufunga. Nikamwambia kiache, si chako. Haikuingia, akasema ni suala la kubana tu. Akabana. Nilisikia mlio."

Barafu akashika kamba ya taulo.

"Akanikataza kusema. Ni mume wangu, wifi, nikanyamaza. Lakini jana mama mdogo kanipigia ananisimulia wewe ulivyovunja, anacheka. Hiyo imenishinda kumeza."

Duka la vigae lilikuwa na mume na mke wakichagua sakafu ya bafu. Kaka alikuwa akiwaeleza tofauti ya kigae kinachoteleza na kisichoteleza, mkono mmoja mfukoni, sauti tamu. Barafu alisimama kati ya marundo ya maboksi, akakunja mikono, akasubiri. Alisubiri mpaka wakalipa, mpaka wakapakia, mpaka mlango ukafungwa nyuma yao. Hakuwahi kusubiri hivyo maishani mwake.

"Ulisikia mlio?" akauliza.

Kaka akajitia hamnazo. "Mlio gani?"

"Mkeo aliusikia akiwa chumba cha pili. Wewe ulikuwa umekishika."

Kaka akaangalia mlangoni, akaangalia kaunta. "Nilitaka kukusaidia."

"Ulitaka kujua kabla yangu. Hilo nalielewa, toka utotoni uko hivyo. Ungeniambia Jumamosi asubuhi, kaka nimeharibu, ningekasirika nikapoa. Lakini ulikaa kwenye kochi ukanywa chai, ukaningoja nigeuze."

"Mama alikuwa anasikia."

"Ndiyo maana nakuuliza hapa, mama hayupo."

"Nitakununulia nyingine. Mwisho wa mwezi."

"Sitaki nyingine. Nataka umwambie mama."

"Kwa kitu kidogo hivi? Mimi ndiye mkubwa pale. Nikasimame niseme nimevunja, nimesingizia? Nitaonekanaje?"

"Kama nilivyoonekana mimi," Barafu akasema, na hapo akampa vidonge vyake vyote: juu ya baiskeli aliyoigonga kaka akasema ni dada, juu ya redio ya marehemu baba, juu ya kila fundi, muuzaji na mgeni aliyeachwa amwone dada mtu kama kichekesho ili kaka aonekane mjuzi. Hakupaza sauti. Mlinzi wa duka aliyekuwa nje hakugeuka hata mara moja. Alipomaliza, kaka alikuwa anafuta vumbi lisilokuwepo juu ya kaunta.

Siku tatu zilipita na kaka hakutia mguu nyumbani. Barafu akamwambia mama mwenyewe, jikoni, wakiosha vyombo. Mama alisikiliza, akasuuza sahani, akaipanga.

"Basi yaishe," akasema. "Ni kaka yako."

Barafu aliweka chini kikombe alichokuwa anafuta, polepole, kwa sababu alijua akikiweka haraka kitapasuka na atakuwa amewathibitishia.

"Nilipokuwa mimi hukusema yaishe, mama. Ulisema nina mikono ya mwanaume. Ukampigia mama mdogo simu. Sasa ni yeye, yaishe?"

Mama akachukua sahani nyingine, akaisuuza. Maji ya bomba yaliendelea kutoka. Barafu akaenda chumbani, akafunga mlango.

Aliitoa prosesa kwenye boksi ajaribu kuzinyoosha zile pini, akairudisha. Pini ya namna ile ukiipinda vibaya mara ya pili inakatika. Ikabidi aisubiri hasira yake itulie, naye hakuwa na uzoefu huo. Ijumaa nzima, juu ya paa la hospitali ya mtaani, alichana mapezi ya kiyoyozi kilichopigwa na mvua ya mawe, yale mabati membamba kama karatasi yanayolala yakiguswa. Aliyanyoosha moja moja kwa ncha ya chuma kama alivyofanya miaka yote, na katikati ya kazi akajua kwamba mikono ile ile waliyoisema ndiyo pekee mjini iliyofaa kwa pini saba.

Jumamosi asubuhi alisogeza meza dirishani. Alikuwa na lenzi ya kukuzia, wembe, na kalamu ya risasi ya kubofya aliyoitoa risasi, ikabaki na kitundu chembamba mbele. Alikiingiza kitundu kwenye pini ya kwanza, akaiinua kidogo, akapumzika, akaiinua tena. Ya nne ilikataa mara tatu. Ya saba aliinyoosha bila kupumua. Akapitisha wembe kati ya safu kuhakikisha zote zimenyooka, akanawa, akaiweka juu ya tundu. Ikazama.

Vilivyobaki vilimchukua mpaka saa nane mchana. Alifunga feni, akachomeka vibao vya kumbukumbu na diski, akapanga nyaya nyuma ya kasha zisizuie hewa. Alipobonyeza swichi hakuna kilichotokea. Alikaa sekunde chache akiwachukia watu wote duniani, kisha akaona waya mmoja wa kitufe haujachomekwa. Akauchomeka. Feni zikazunguka, skrini ikaandika herufi nyeupe, na jina la prosesa likatokea kwenye mstari wa pili. Alilisoma mara kadhaa.

Jumatatu alirudi kwa muuzaji.

"Nilikuita mwizi mbele ya watu," alimwambia. "Si wewe uliyeharibu. Nimekosa, nisamehe."

Muuzaji alifunga droo ya pesa. Hakuwa amesahau, na hakujifanya amesahau. "Pini ngapi?"

"Saba."

"Umebadilisha?"

"Nimenyoosha. Inafanya kazi."

"Kwa nini?" Akamaanisha kwa kifaa gani, na Barafu akamweleza habari ya kalamu ya risasi. Muuzaji akachukua karatasi, akaandika. Kaka hakutajwa.

Jioni ya Jumatano, jua bado lipo, Barafu alikuwa kwenye gemu ya magari alipomsikia mama sebuleni akiwa kwenye simu. Sauti ilikuwa kavu, ya mtu anayesoma tangazo.

"Hapana, sikiliza. Siyo yeye aliyevunja. Ni kaka yake, akamsukumia. Na mimi nikamsingizia mtoto. Ndiyo. Uwaambie wote uliowaambia, mmoja mmoja. Hapana, sicheki."

Barafu hakutoka chumbani. Gari lake lilikuwa limegonga ukuta wa uwanja, magurudumu yakizunguka hewani.

Kaka alikuja Jumapili. Alipita sebuleni, akasimama mlangoni pa chumba, akaitazama mashine, taa zake za bluu, feni zisizopiga kelele. Ndani ya mfuko alikuwa amemletea pedi ya vitufe ya kuchezea gemu.

"Mama kaniambia inawaka," alisema. "Mama mdogo naye kanipigia. Kanisema vibaya sana."

"Nimesikia."

"Nimekosa, dada."

"Umekosa."

Kaka akasubiri. Alizoea kwamba baada ya neno hilo watu hucheka, wakasogea, akapata pa kukaa. Barafu hakusogea kitini.

"Ninaweza kujaribu kidogo?"

"Hapana," Barafu akasema. "Bado nina hasira na wewe. Zikiisha nitakuita."

Kaka aliitikia kwa kichwa polepole, akaweka mfuko sakafuni karibu na mlango, akaenda kukaa jikoni na mama. Barafu akavuta kiti mbele, akaanza mbio upya.