Mbao za Kuzeeshwa

"Unataka uzee wa namna gani?" muuzaji aliuliza, wala hakuwa anatania.

Dukani mle uzee ulikuwa wa kila namna, umetundikwa ukutani vipande vipande. Kulikuwa na ubao uliosuguliwa kwa brashi ya waya hadi mishipa yake ikatokeza, ubao uliochapwa minyororo ukajaa makovu, na mwingine uliopakwa siki iliyolowekwa misumari yenye kutu ukawa wa kijivu. Zote zilikuwa mbao mpya, hazijawahi kukanyagwa na mtu. Binadamu tuna vituko: nyuso zetu tunazipaka mafuta zisizeeke, halafu tunakwenda kununua mbao zilizopigwa mpaka zikazeeka.

Mziwanda hakuwa na nafasi ya kucheka. Ndiye mtoto wa mwisho kwao, na jina hilo lilimganda tangu utotoni hata sasa ana mvi na miwani ya kusomea. Alivua viatu, akalaza mbao kadhaa chini, akazikanyaga mmoja baada ya mwingine kwa nyayo tupu, macho kayafumba. Muuzaji alimtazama kwa jicho la pembeni.

"Huu," akasema. "Ila uwe mwekundu kidogo, na mafundo meusi yawe mengi."

"Wateja wengi hawapendi mafundo, dada."

"Baba yangu anayapenda."

Baba yake alikuwa kinyozi enzi zake, na sasa kumbukumbu zilikuwa zimemtoka. Mkewe alipofariki, nyumba yao ya mbao iliuzwa, aliyeinunua akaibomoa, na mzee akaletwa kwa Mziwanda. Mgongo ulikuwa umempinda kiasi kwamba kitu alichokiona zaidi duniani ni sakafu, na sakafu ya Mziwanda ilikuwa ya vigae vyeupe vinavyong'aa. Mwanga wa dirisha ukivipiga, mzee alidhani ni maji, akawa anaviruka. Wakati mwingine wote alidhani yuko hospitali. Mziwanda akimlisha, alimwita sista, akamshukuru kwa kila kijiko, akamshika mkono na kumuuliza kwa adabu ataruhusiwa lini kwenda nyumbani.

Asiporuhusiwa, alitoroka. Mara ya mwisho dereva wa lori alimkuta katikati ya barabara kuu, kashika ndala mkononi, akasimamisha gari kwa kudra za Mungu tu. Kaka yake Mziwanda alipopata habari alipiga simu, akasema lililokuwa limemkaa kooni siku nyingi.

"Akitoka tena namchukua, nampeleka nyumba ya wazee. Huruma yako itamuua."

Mziwanda aliogopa, maana kaka hakukosea. Lakini mama yao, pumzi zikimwishia, alimwomba jambo moja tu: asimwache mzee afie mikononi mwa watu baki. Akapiga moyo konde. Kama baba anataka kwake, basi ataletewa kwake hapohapo alipo.

Fundi alizitandika mbao juu ya vigae, na Mziwanda akamsimamia kama askari. Hapa pafifie zaidi, mama alikuwa akisimama hapa kupiga pasi. Pale mlangoni pasuguliwe pawe na kibonde. Ubao mmoja karibu na dirisha akataka uachwe bila kukazwa vizuri, ukikanyagwa ulie.

"Mimi nimezoea watu kunifokea sakafu ikilia," fundi akasema. "Wewe ndiye wa kwanza kuniomba ilie."

"Wa kwetu ulikuwa unalia."

Fundi akalegeza misumari.

Jioni mzee alirudishwa kutoka kwa jirani, kashikwa mkono. Alipofika mlangoni alisimama. Mzee aliinama zaidi ya alivyokuwa ameinama, akagusa ubao kwa vidole, akaupapasa kama alivyokuwa akipapasa kidevu cha mteja kutafuta nywele zilizobaki. Akavua viatu. Akaingia taratibu, na alipofika karibu na dirisha ubao ukalia, akacheka kwa sauti.

"Nimefika," akasema. "Jamani, nimefika."

Mziwanda alikimbilia jikoni, akafunika uso kwa kanga, akalia kwa furaha mpaka kwikwi zikamshika. Akampigia simu kaka yake amringie.

Tangu siku hiyo mzee hakugusa tena kitasa cha mlango. Alilala fofofo. Aliamka akazunguka sebuleni mikono nyuma, kama mwenye nyumba anayekagua mali yake. Alipouliza mke wake yuko wapi, Mziwanda alisema ameenda sokoni. Kesho yake alisema amekwenda kumwona mgonjwa. Uongo ule ulimuuma, lakini aliendelea nao, kwa kuwa mzee alikuwa hai na alikuwa ndani.

Lililomtia wasiwasi lilikuwa jingine. Mzee hakumwita tena sista. Akiletewa chakula, alikula akimtazama kwa chini, kijiko kimesimama kidogo kabla ya kuingia mdomoni. Mkono wake hakuushika tena. Mziwanda alijiambia ni mambo ya kuzoea tu, yatapita.

Mchana mmoja alitoka kuanua nguo. Aliporudi na beseni la mashati ya baba yake, alimkuta kasimama katikati ya sebule, kajinyoosha kadiri mgongo ulivyomruhusu.

"Mama, samahani," mzee akasema. "Naomba tuzungumze."

"Niambie, baba."

"Siku zote hizi nakuona. Unapika jikoni kwa mke wangu. Unalala chumba cha watoto. Sikutaka kusema, nilidhani ni mgeni wake. Lakini mwenyewe haonekani, na wewe huondoki." Akatazama mlangoni. "Sina ugomvi na mtu. Nakuomba tu uende kwenu."

Hapo ndipo Mziwanda alipoelewa alichokifanya. Hospitalini, sista ana nafasi yake. Mgonjwa humpa mkono, hula chakula chake. Nyumbani kwa kinyozi hapakuwahi kuwa na sista. Palikuwa na mume, na mke, na watoto wadogo.

"Baba, ni mimi. Mziwanda wako. Nitazame."

Mzee alimtazama kweli. Alizitazama mvi, miwani, mikono iliyoanza kukunjamana, na uso wake ukajaa huruma kwanza, kisha woga.

"Mziwanda yuko shule," akasema. "Anakaribia kurudi. Sitaki akukute humu, ni mwoga wa watu asiowajua."

Akamshika kiwiko. Hakumsukuma. Alimwongoza taratibu hadi mlangoni, kwa mkono mwepesi uleule uliogeuza vichwa vya watu maisha yake yote, na Mziwanda akaenda, kwa sababu aliona jinsi mzee anavyotetemeka, na angembishia, mzee angeanguka. Mlango ukafungwa. Komeo likaingia.

Alibaki nje peku na beseni lake. Funguo na simu vilikuwa mezani. Alinyanyua mkono abishe hodi, akaushusha. Angebisha, mzee angesikia mtu anavunja nyumba yake. Uchungu ulimpanda hadi akashindwa kuuzuia, akalia akiwa amesimama, mashati yakilowana.

Ndani, ubao ulilia. Pazia likasogea, dirisha likafunguliwa kidogo, na mzee akachungulia. Hakumwangalia yeye. Aliangalia barabarani, mbali, juu ya kichwa chake, akangoja. Kisha akaonekana kujilazimisha kusema.

"Mama, huko njiani hujamwona mtoto wa kike, ana begi la shule?"

Mziwanda alijifuta uso kwa shati la juu kabisa.

"Nimemwona, mzee," akasema. "Anakuja."