Pedali ya Mwangwi

Fundi cherehani wa mlango wa pili anawasimulia wateja wake kwamba kaka yangu alimfumania mpiga gitaa wetu, Sindano, na mchumba wake, ndiyo maana akamvunja taya. Anaapa aliona kwa macho yake mawili, dirishani, mguu wake ukiwa kwenye cherehani. Dirisha lake linatazama ukuta. Na kaka hana mchumba, ana kinanda.

Makelele aliyasikia, hilo sikatai. Mtaa mzima uliyasikia.

Kinanda chenyewe ni cha zamani, sauti yake nyembamba kama mbu ndani ya kopo. Kaka alitaka kitoe sauti nene ya kutandaza, ile inayolala chini ya wimbo kama godoro, hujui imeanzia wapi. Wiki tatu tuliitafuta kwa pedali za gitaa, yeye akishikilia nota, mimi nimechuchumaa sakafuni nazungusha vitufe. Tulianza na pedali ya kutetemesha, ambayo mtu mmoja akipiga unadhani wako wanne. Ikafuata ya mwangwi. Mwisho ile ya ukumbi, inayokufanya ujione umo ndani ya jumba kubwa tupu. Mimi ndiye niliyegundua kwamba sauti ya kinanda lazima ishushwe hadi robo, maana pedali hizo zimezoea gitaa, ukizilisha kupita kiasi zinakoroma. Siku sauti ilipotoka kaka alifuta macho kwa kiwiko. "Bibi Waya," akaniambia, "hii ndiyo itatutoa." Mwenye studio angekuja Jumamosi saa tisa alasiri kutusikiliza.

Sindano ana mwili mwembamba, ulimi mrefu. Naye aliitaka pedali ya mwangwi kwa gitaa lake. Ijumaa wakatukanana.

"Utaichukua kaburini kwangu," kaka alimwambia.

"Basi kesho naja na jembe."

Jumamosi mchana nilikuwa peke yangu chumbani nikipanga waya. Adapta zetu mbili ni nyeusi zote, vichwa vinafanana. Ya pedali ya mwangwi ni volti tisa, hasi iko katikati. Ya kinanda ni volti kumi na mbili, na katikati ni chanya. Huwa nazijua kwa uzito. Siku hiyo nilikuwa na ufagio mkono mmoja, nikachomeka bila kupima. Kichwa kiliingia vizuri kabisa, na ubaya wake ndio huo. Taa ya pedali iliwaka kama jicho la mlevi, ikazimika. Ikaja harufu ya plastiki inayoungua.

Nikachomoa. Nikairudisha kila adapta mahali pake. Nikafungua dirisha, nikaenda bombani kunawa mikono isiyokuwa michafu. Nilijiambia nitamweleza kaka taratibu, akishakaa.

Niliporudi, Sindano alikuwa ameshaingia, amechuchumaa karibu na pedali, anachomeka gitaa lake kwenye amplifaya. Kaka aliingia nyuma yangu. Akanusa. Akabonyeza nota, akakanyaga pedali ya mwangwi mara moja, mara mbili. Kimya.

"Umeigusa?"

Sindano hakuinua hata kichwa. "Nimeigusa, nimeibusu, nimeiposa. Imenikataa, shemeji."

Teke lilimkuta mbavuni hajainuka. Akaangukia waya. Kaka akanyakua stendi ya maiki, akaigeuza, kitako cha chuma kikawa juu. Maiki ilikuwa imewashwa, kwa hiyo kila pigo lilitoka pia kwenye spika. Pigo la kwanza lilikuwa la bega. La pili lilivunja taya, sauti ndogo, kavu, kama kuni nyembamba ikivunjwa gotini. Jino liliruka likagonga ukuta. Sindano alijikinga uso kwa mkono wa kushoto, ule wa kubana nyuzi. Kaka aliuvuta mpaka sakafuni, akaukanyaga kwa kisigino, akarudia, akarudia, mpaka vidole vikatazama pande tofauti.

Mimi nilikuwa mlangoni nasema, "Kaka. Kaka. Kaka." Neno lililotakiwa lilikuwa jingine, nami nililijua.

Wachomeleaji wa ng'ambo ya barabara ndio waliomtoa kaka juu yake, wanne, mmoja akang'atwa bega. Mwenye studio alifika nasafisha damu kwa dekio. Alisimama kidogo kizingitini, akarudi garini.

Polisi walimweka kaka siku mbili wakamwachia. Sasa anakaa kitandani ananoa maneno. "Akitoka hospitali, mkono wa kulia nao naumaliza. Mtu anaunguza wiki zangu tatu halafu ananiita shemeji!" Juzi alivunja mlango wa kabati kwa ngumi, kwa sababu tu nilidondosha sufuria. Niliitazama ile ngumi, nikaokota sufuria.

Leo nimempelekea Sindano maziwa. Taya limefungwa kwa waya, anasemea kwenye meno. Mkono umefungwa bendeji, mkubwa kama mkate. Alinisogezea uso ili nimsikie.

"Dada, wanasema nitatoka Jumatano. Sikuigusa ile pedali, wallahi. Ulikuwa utani tu. Wewe ndiye unayepanga waya, wewe atakusikiliza. Mwambie kaka yako siyo mimi."

Nilimtia mrija kwenye pengo la meno. Alivuta funda moja, akautoa kwa ulimi.

"Utamwambia, dada?"

Nilimfuta maziwa kidevuni.