Sahani ya Cudjo Grimball

Ilipotimu saa kumi na mbili na nusu asubuhi, Jumatatu ya tarehe thelathini Mei, Odessa Grimball alikuwa ameshakaanga samaki wa kuwatosha watu ishirini na watatu na alikuwa akingoja wali wa kunde nyekundu ukauke maji. Alikuwa na miaka sabini na minane. Thelathini na mmoja kati ya hiyo aliitumia kupika katika shule ya msingi ya Tillard, kwa hiyo sufuria kubwa hazikumtisha. Mpwa wake Vernell alikuwa nje akipakia ndoo za maua kwenye gari.

"Shangazi, ndoo tatu zinatosha?"

"Zinatosha. Na ile chupa ya pilipili usiisahau. Babu yako hali samaki bila pilipili."

Walipofika kwenye maegesho ya duka la magodoro, askari walikuwa wameshatoka. Kila tarehe thelathini Mei walitoka jua linapochomoza, chini ya lami, wakajipangusa sare zao za buluu na kusimama safu mbili karibu na mahali pa kurudishia vitoroli. Lami haikubaki na hata mkwaruzo. Bwana Holcomb, meneja wa duka, alishukuru sana kwa hilo, maana alikuwa ameitia upya mwaka uliopita kwa gharama kubwa. Kilichomuudhi ni nafasi za magari walizozichukua siku yenye wateja wengi, na asubuhi ile alikuwa tayari ameshazungushia utepe wa njano ili watu wasiwagonge.

Zamani pale palikuwa makaburi. Mwaka 1958 mji ulipotaka kujenga maduka, maiti za wazungu zilihamishiwa mlimani kwa sala na magari meusi. Kuhusu hawa wengine, askari weusi wa vita vya wenyewe kwa wenyewe vya Marekani, tangazo lilibandikwa mahakamani: mwenye ndugu aje na karatasi zake katika siku thelathini. Lilibandikwa ndani ya mlango ambao watu weusi hawakuruhusiwa kuupita. Siku thelathini zikaisha, hakutokea mtu, na mji ukaandika kwamba hawana wenyewe.

Wenyewe walikuwepo. Kila mwaka wanawake wa kanisa la kina Odessa walikuwa wakija na maua, tangu mwaka wa 1868, na siku hiyo waliiita Siku ya Kupamba. Ilikuwa tarehe thelathini Mei, hata kama ni Jumatano na mvua inanyesha. Baadaye serikali ikaiita Siku ya Kumbukumbu na kuihamishia Jumatatu ya mwisho ya mwezi, watu wapate mapumziko ya siku tatu mfululizo, na tangu hapo ikawa siku ya kuchoma soseji, kufungua mabwawa ya kuogelea na kununua godoro kwa nusu bei. Walio chini ya lami hakuna aliyewaarifu. Kwao tarehe thelathini ni tarehe thelathini.

Cudjo Grimball alikuwa wa saba katika safu ya mbele. Alikuwa na miaka ishirini na sita, na jeraha la risasi pajani lilimfanya aegemee upande mmoja. Odessa alikuwa kitukuu chake.

"Kitukuu," alisema Cudjo akimtazama kuanzia kichwani hadi viatuni, "kila nikija wewe umezidi kujikunja. Mwakani nitakukuta umekuwa kifundo."

"Na wewe kila ukija una matope yaleyale, babu. Huko chini hakuna hata mtu wa kukupa brashi?"

"Pilipili umeleta?"

"Kula kwanza. Leo tuna safari."

Askari wenzake wakacheka. Wakala wamesimama, kama kawaida yao, na Odessa akapita akimpachika kila mmoja ua kwenye tundu la kifungo.

Safari yenyewe ilikuwa ya hatua mia nne, hadi kwenye uwanja wa mji, lakini Odessa alikuwa ameingoja miaka sita. Uwanjani palikuwa na jiwe jeupe lenye majina ya mashujaa wa Tillard, na kila Siku ya Kumbukumbu mwenyekiti wa kamati aliyasoma kwa kipaza sauti. Mtu ambaye jina lake limesomwa na mji hadharani harudi tena juu, anapumzika. Hilo Odessa alilijua kwa ushahidi. Askari hawa zamani walikuwa ishirini na wanne. Mwaka 1994 jina la mmoja wao, Prince Wigfall, liliingia kwa makosa katika orodha ya mji wa jirani, likasomwa, na Prince Wigfall hakuonekana tena. Wenzake humtaja kwa wivu.

Kwa hiyo Odessa alitaka jina moja lisomwe, na baada ya hilo yafuate yale mengine. Alianza na karatasi, lakini za mahakamani zilikuwa zimeungua. Akaleta Biblia ya familia. Kamati ikasema Biblia ya familia huandikwa na familia. Mwishowe akawauliza: je, akija mwenyewe? Kamati ikakaa, ikajadili, ikamjibu kwa barua kwamba mwenyewe akija inatosha, mradi aje siku ya sikukuu, wakati wa sherehe, na awe na maandishi yoyote ya enzi yake. Asiyekuwepo na lake halipo, na kamati ilikuwa imeshaligeuza hilo kuwa kanuni.

Shida ikawa kalenda. Wafu walishika tarehe na mji ulishika Jumatatu. Barua ilikuja mwaka 2016, siku tatu baada ya viwili hivyo kukutana, na visingekutana tena hadi mwaka huu. Baada ya mwaka huu ni 2033. Odessa alikuwa amepiga hesabu hiyo jikoni mara nyingi, na kila mara alipata themanini na tisa.

Kuhusu maandishi, Odessa ndiye aliyeikumbuka sahani. Katika watu wake, mtu akifa huwekewa juu ya kaburi chombo cha mwisho alichotumia: kikombe, sahani, chupa ya dawa. Chombo huvunjwa kidogo ukingoni, ili kifo kikatike hapo kisirudi nyumbani kumfuata mwingine. Cudjo alikuwa na sahani nyeupe ya bati lililopakwa rangi, ambayo mkewe Hagar alimlishia uji, na Hagar alikuwa ameikwaruza jina kwa msumari. Tingatinga la mwaka 1958 liliifukia pamoja naye.

"Mwakani njoo na sahani," Odessa alikuwa amemwambia. "Wanataka maandishi, na maandishi unayo."

Sasa alikuwa nayo kwapani. Walitembea wote ishirini na watatu, hatua kwa hatua, kupita katikati ya moshi wa nyama na viti vya kukunja. Watoto waliwagawia bendera ndogo za plastiki. Mtu mmoja aliyevaa kaptura aliwapigia saluti akiwa na soseji mkononi, na wakairudisha.

Bi Lorraine Tuttle, mwenyekiti wa kamati, alikuwa mama mwenye adabu ambaye hakuwahi kumpandishia mtu sauti. Alipowaona alisogeza kiti chake, akafungua daftari na kuchukua kalamu.

"Karibuni sana. Bi Odessa, hatimaye! Tuanze na nani?"

"Na huyu. Babu yangu."

"Jina, bwana?"

"Cudjo Grimball. Jeshi la watu weusi, upande wa Muungano, wa Kaskazini. Nilipigwa risasi Februari, kule mtoni."

"Na maandishi?"

Cudjo akamkabidhi sahani kwa mikono miwili. Bi Tuttle akavaa miwani. Odessa alikuwa amesimama karibu kiasi cha kuona msumari wa Hagar ulivyoteleza kwenye herufi ya mwisho, na alikuwa na furaha. Kwa muda wa pumzi tatu hivi alikuwa na furaha kamili.

"Jina lipo," alisema Bi Tuttle. "Zuri kabisa. Na hapa chini kuna tarehe." Akaigeuza sahani kuelekea mwanga. "Tarehe kumi na mbili Juni, 1865."

"Ndiyo siku niliyokufa," alisema Cudjo. "Paja lilioza."

Bi Tuttle akaweka kalamu chini taratibu.

"Vita viliisha Aprili, bwana Grimball."

"Najua. Tulishangilia. Nilikuwa kitandani."

"Sasa hapo ndipo penye ugumu. Siku ya Kumbukumbu ni ya waliouawa vitani. Wewe umekufa wakati wa amani."

"Kwa risasi ya vita," alisema Odessa.

"Naelewa, Bi Odessa, na nakuhurumia. Lakini tukimwingiza yeye itabidi tumwingize kila mtu. Waliotumikia jeshi wana siku yao, ya Novemba."

"Basi nitajitahidi Novemba," alisema Cudjo.

"Ila ya Novemba ni ya walio hai."

Cudjo akafikiri. Alikuwa na uso wa mtu anayeelekezwa njia na mwenyeji, akijaribu kukumbuka pa kukata kona.

"Kwa hiyo niko kati."

"Uko kati," alikubali Bi Tuttle.

Odessa aliona hasira ikimpanda kuanzia magotini. "Lorraine Tuttle, nimekupikia chakula ukiwa na meno mawili ya mbele yameng'oka. Sasa niambie. Tarehe kumi mwezi huuhuu jimbo zima lilifunga ofisi kwa ajili ya askari wa Kusini, waliopigana ili huyu abaki mtumwa. Kuna aliyewauliza wale walikufa lini?"

"Ile ni siku nyingine, Bi Odessa. Haiko chini ya kamati hii." Bi Tuttle alikuwa amewiva masikio, lakini sauti ilibaki palepale. Akapekua kalenda iliyokuwa mezani, kwa nia njema, maana alitaka kusaidia. "Kuna ile mpya ya Juni, ya uhuru wa watumwa. Serikali imeipitisha mwaka jana tu. Huenda ikawafaa. Kamati yake bado haijaundwa, lakini naweza kuwaandikia barua."

"Juni sijui kutoka," alisema Cudjo. "Sisi walitufundisha Mei."

Nyuma yake wale ishirini na wawili walikuwa wamesikia. Wote walikufa katika kambi ileile, kiangazi kilekile, kwa madonda na homa. Hakuna aliyesogea mezani. Sajenti wao akatoa amri kwa sauti ndogo, wakageuka nyuma na kurudi walikotoka, na bendera zao za plastiki wakiwa nazo. Bi Tuttle akasubiri wapite, kisha akasimama kwenye kipaza sauti na kusoma majina yaliyokuwepo.

Walipofika kwenye maegesho, Odessa alimgeukia Cudjo.

"Ni mimi," alisema. "Mimi ndiye niliyekwambia ulete sahani. Ungekwenda mikono mitupu wasingejua tarehe."

"Wangeuliza."

"Ungedanganya!"

"Hagar aliketi usiku kucha akiikwaruza ile tarehe," alisema Cudjo. "Alisema asije mtu akabisha kwamba niliishi." Akamtazama. "Usilie, kitukuu. Unanitia aibu mbele ya vijana."

Lakini Odessa alilia, na Vernell akamshikia mkoba. Kipaza sauti cha duka kilikuwa kikitangaza kwamba atakayenunua godoro kubwa kwa ajili ya kuwaenzi mashujaa atapewa mito miwili bure. Bwana Holcomb alitoka akiwa na chupa za maji baridi, akawagawia askari, akamwambia Cudjo kwamba kama mguu unamsumbua anaweza kuingia ajilaze kidogo kwenye godoro la maonyesho. Cudjo alishukuru, akasema buti zake ni chafu. Jua lilipozama wakashuka, na lami ikabaki kama ilivyokuwa.

Mwaka uliofuata tarehe thelathini iliangukia Jumanne. Sherehe ilikuwa imefanyika jana yake, na punguzo la bei la dukani lilikuwa limekwisha. Kamati haikuwa imekaa bure: kwa fedha iliyobaki ilikuwa imechora kwenye lami vyumba ishirini na vitatu kwa rangi nyeupe, na juu yake ikasimamisha kibao: NAFASI HIZI NI ZA ASKARI WETU. MJI WA TILLARD UNASHUKURU. Askari walitoka, wakakisoma kibao, na kila mmoja akasimama ndani ya chumba chake. Chumba cha saba kilikuwa na doa la mafuta.

"Leo siku gani?" aliuliza Cudjo akila.

"Jumanne."

"Na Jumatatu yetu nyingine?"

"Miaka kumi."

"Utakuwepo?"

"Nitakuwepo," alisema Odessa. "Upande gani ndiyo sijui."

Cudjo akacheka hadi akapaliwa na pilipili, ikabidi mwenzake wa chumba cha nane ampige mgongoni. Odessa alingoja hadi akatulia, kisha akatoa kwenye mkoba kikombe cha buluu, kile anachonywea kahawa kila asubuhi, akampa Vernell akishike.

"Hiki ndicho cha kwangu. Siku ikifika, ukivunje ukingoni kidogo, uniwekee. Jina uliandike."

"Sawa, shangazi."

"Tarehe usiandike."

Vernell akakifunga kwa kitambaa na kukiweka kwenye gari, na Odessa akachukua ndoo ya maua, akaanza na chumba cha kwanza.