Barafu Haikuzama

Hiram aliinua bunduki, akageuza kitako chini, akaipiga ile barafu. Paa! Nilikuwa nyuma yake nimejifunga blanketi, na mkojo ukanitoka. Sioni haya kusema. Mwanamke ambaye angesimama pale asubuhi ile asijikojolee, basi mumewe hakuwa Mburu.

Chini ya barafu hiyo, ndani ya birika la saruji la kunyweshea ng'ombe, mlikuwa na risasi moja.

Mburu ndiye aliyeileta. Ilikuwa wakati wa Hali ya Hatari, serikali ya mkoloni ikiwasaka wapiganaji wa msituni, nasi tulikuwa vibarua wa mzungu mmoja mfuga kondoo na ng'ombe kule Kinangop, ambako msimu wa baridi maji huganda usiku. Aliikuta malishoni, akaja nayo nyumbani kama mtu aliyeokota yai. "Nitampa bwana kesho," akaniambia. Wewe Mburu! Ukimpa mzungu risasi moja, si atakuuliza zingine ziko wapi? Na ukipatikana nayo mfukoni, ni Nakuru kortini, na kutoka kortini ni kamba. Nilimnyang'anya. Nilipotoka nje, jua likitua, nikasikia mbwa wa askari wakibweka bondeni. Kiwewe kikanishika, nikaitupa birikani, pale mkono ulipofika, nikisema kukipambazuka nitaitoa niizike.

Kulipopambazuka, walikuwa wamenitangulia.

Walipekua nyumba, hata unga wakaumwaga. Mburu walimchuchumaza nje, mikono kichwani, na mimi sikuona kitu kingine ila ile shingo yake. Hiram, homugadi wa kwetu, mwenzetu aliyewashikia wazungu bunduki, ambaye tulibatizwa naye siku moja, akalisogelea birika. Barafu ilikuwa nzima, nyeupe pe kwa umande ulioganda.

"Hapa hakuna mtu ameguza, bwana," akamwambia ofisa wao mzungu, aliyekuwa juu ya farasi.

Nikapumua. Kabla pumzi haijashuka, ofisa akashuka farasi.

"Vunja hiyo. Farasi nataka maji."

Ndipo Hiram akapiga. Mimi barafu ile nilikuwa naivunja kila asubuhi, lakini hofu haina kumbukumbu. Niliona tu kwamba kitu kizito kikivunjika huenda chini. Sasa vipande vitazama, nikasema moyoni, maji yatabaki wazi, na ile shaba itamwangalia Hiram usoni. Ngai, nisaidie!

Havikuzama. Vilielea, vikagongana, vikajaa juu ya maji vyeupe vile vile. Hiram akavisukuma kando kwa mkono, vikarudi. Akasukuma tena, vikarudi.

"Baridi ya shetani hii!" akafoka, akauficha mkono kwapani.

Farasi akatumbukiza mdomo katikati ya vipande, akanywa polepole, kama mgeni asiye na kwao. Nami nilimwomba Mungu farasi asiyamalize yale maji.

Walipokwenda zao, Mburu aliendelea kuchuchumaa, mikono kichwani, ingawa hakukuwa tena na mtu wa kumwamuru. Niliingiza mkono wa kulia birikani hadi begani, nikapapasa, nikaipata. Niliizika chini ya mavi ya ng'ombe. Mwaka uliofuata tulimpata Ndung'u, mtoto wetu wa pekee.

Juzi Mugure, binti wa Ndung'u, alikuwa mezani kwangu na kazi ya shule.

"Cucu, mwalimu ameuliza barafu ingekuwa nzito kuliko maji, nini ingefanyika."

"Umeandika nini?"

"Ziwa lingeganda kuanzia chini. Samaki wangekufa."

"Andika pia babako hangezaliwa."

Akacheka mpaka kalamu ikamwanguka. "Ai, cucu! Hiyo mwalimu ataniwekea kosa."

Nikamwambia basi aache samaki peke yao. Mkono wangu wa kulia ulikuwa umeingiwa na baridi, nikauficha kwapani.