Aya Isiyofungwa

Mjomba wangu, ambaye mtaa mzima ulimwita Mawingu, alipima hali ya hewa kwa miaka thelathini na mmoja. Kila asubuhi aliandika daftarini jinsi anga lilivyoamka. Alipostaafu akajifunza kutengeneza kurasa za tovuti, akawa anahamishia humo madaftari yake, siku moja baada ya nyingine. Utengenezaji wa tovuti ndio unaonipa riziki mimi, lakini hakuwahi kuniomba msaada, mpaka alasiri moja aliponipigia simu.

"Anga limegoma kufunguka," alisema. "Njoo unitazamie."

Nilimkuta chumba cha mbele. Pazia lilikuwa linapumua dirishani, na mwanga wa kompyuta ulimfanya aonekane kama mtu aliyekaa ndani ya ukungu.

"Shikamoo mjomba."

"Marahaba mwanangu. Keti."

Badala ya mawingu kulikuwa na onyo moja: kosa, mstari wa 212. Nikaufungua ukurasa kwa ndani. Alikuwa ameuandika kwa XHTML, lugha ya kutengenezea kurasa isiyojua mzaha. Kila tagi, yaani alama ya kuonyesha sehemu inaanzia na kuishia wapi, ikifunguliwa lazima ifungwe, na ukiteleza mara moja tu, kivinjari, ile programu inayoonyesha kurasa, kinaukataa ukurasa mzima.

"Umesahau kufunga aya, mjomba. Huku samaki mmoja akioza, kweli wote wameoza."

Hakucheka. "Sikusahau."

Nikaisoma ile aya. *Mawingu mepesi upande wa mashariki, kama pamba iliyochambuliwa. Upepo wa*

Ikaishia hapo. Tarehe yake naijua. Asubuhi ile mkewe alimwita kutoka jikoni, mara moja tu, na alipofika akamkuta sakafuni, ameshakata roho.

"Daftarini niliiacha hivyo," alisema. "Nikiifunga, nitakuwa nimedanganya kwamba niliimaliza."

Mwanga ulitambaa polepole ukutani, na kwa muda nilihisi nyumba nzima imeinuka kidogo kutoka ardhini, sisi wawili tukiwa ndani.

"Tunaweza kutumia lugha nyingine, XML," nikasema mwishowe. "Humo unabuni tagi zako mwenyewe. Wingu. Upepo. Umande."

"Umande," akarudia, kama anayeonja.

"Ila nayo haina msamaha, lazima kila kitu kifungwe. Tena kivinjari hakijui wingu lako lionekane vipi mpaka ukielekeze."

"Na hiyo unayoitumia wewe kila siku?"

"HTML? Hiyo ina moyo wa bibi. Ukikosea, inakisia ulitaka kusema nini, na ukurasa unafunguka. Sisi wasanifu wa tovuti inatudekeza, makosa yetu yanajificha humo miaka. Lakini kuacha aya wazi, kwake si kosa hata kidogo. Imeruhusiwa."

"Sasa itaishia wapi?"

"Ikikutana na aya inayofuata."

Alitazama anga dirishani. "Basi tuhamie huko."

Nilibadilisha tangazo la juu ya ukurasa, linalotaja lugha yake, na namna seva, kompyuta inayouhifadhi, inavyoutuma, kisha nikazikagua tagi nyingine zote, moja moja. Jua lilikuwa limeshalegea nilipoufungua ukurasa upya. Asubuhi zikaanza kushuka kwenye kioo, anga juu ya anga, nyeupe, kijivu, samawati, na mjomba akawa anazisoma kimya, midomo ikichezacheza. Chini ya ile aya ilifuata nyingine, ya miezi miwili baadaye: *Rasharasha. Sikutoka nje.*

"Ulikuwa upepo wa kusini," alisema ghafla. "Alikuwa ameanika mashuka. Ulikuja na harufu ya sabuni."

Vidole vyangu vikasogelea kibodi. "Niandike?"

"Hapana. Nimekuambia wewe."

Baadaye akaniuliza herufi zinakuzwaje, maana dada yake, yaani mama yangu, macho yamepungua nguvu. Nilimwonyesha. Jumapili mama alikuja, akavuta kiti karibu na kioo, akaanza kusoma kwa sauti tangu mwaka wa kwanza, na kaka yake akafumba macho kusikiliza.