Mama Aliyemtaja Binti Yake Kwenye Maombi

Mama mwenzangu, wewe unayempenda mwanao mpaka usingizi unakukimbia, soma haya taratibu. Kuna fundi cherehani mmoja, mjane, aliyempoteza binti yake huku wamekaa chumba kimoja, mashine kwa mashine, magoti karibu kugusana. Hakumpoteza kwa ugomvi wala kwa kumnyima kitu. Alimpoteza kwa maombi.

Chumba chao cha kushonea kilikuwa mbele ya nyumba, mlango ukiangalia barabara. Mama alikata na kuunga sare za shule. Binti, kitindamimba wake, alitia kola na vifungo, akapiga pasi. Kazi ilikwenda kwa soga. Binti alikuwa na ulimi, mteja akitoka tu anamwigiza, na mama anacheka mpaka mshono unakwenda upande. Jumapili binti huyohuyo ndiye aliyeanzisha nyimbo kwaya ya kanisani, na mama alijaa kifua hadi vifungo vya gauni vikalalamika.

Basi asubuhi moja binti akasema, bila kuinua kichwa kwenye kazi, "Mama, nikwambie kitu. Lakini kiishie humu."

"Sema, mwanangu."

"Tangu tumzike baba, sisali. Nikipiga magoti naona kama nazungumza na ukuta. Kwaya naimba, lakini ni mdomo tu."

Mama alikanyaga mashine kwa nguvu, uzi ukakatika. "Nimekusikia," akasema. Mwanangu anapotea, akawaza. Na akifa leo je?

Kikundi cha maombi cha akina mama kilikutana Alhamisi alasiri. Walikaa duara, kila mmoja akataja hitaji lake. Kiongozi wao, ambaye waume za watu walimbandika jina la Spika, alikuwa na msimamo wake: hitaji la juujuu halijibiwi. "Fafanua, mama," alizoea kusema. "Tujue pa kupiga."

Zamu ilipomfikia fundi, alikusudia kusema tu, "Mniombee binti yangu." Hayo tu, haki ya Mungu. Lakini Spika akauliza, "Ana nini?" Macho yote yakamgeukia, wengine wameshatoa vitambaa vya kufutia machozi. Akafungua mdomo, akamwaga yote, mpaka habari ya ukuta. Wakamlilia. Wakamkumbatia. Akarudi nyumbani mwepesi kama aliyetua mzigo.

Jumapili mwalimu wa kwaya alimwita binti pembeni. "Dada, pumzika kidogo kuimba mpaka utengemae. Tunakuombea." Mlangoni mwa kanisa wanawake wawili wa kikundi wakamshika mikono kama mgonjwa aliyetoka kulazwa. Binti akamtazama mama yake mara moja tu, akatangulia nyumbani.

Tangu siku hiyo, chumba cha kushonea kikawa na maneno ya kazi peke yake. "Kola tayari." "Pasi ya moto." "Mteja huyo." Shikamoo ya asubuhi ilikuwepo, asante ya chakula ilikuwepo, adabu haikupungua hata punje. Bora angenitukana, mama akawaza.

Alitubu, tena sana. Alifunga kula, akapakwa mafuta, akalia. "Bwana, nisamehe kama nimekosa," alisema kila akipiga magoti. Akiinuka, moyo uko palepale, unadunda kama mashine isiyotiwa mafuta.

Siku moja mchungaji alileta suruali iongezwe kiuno. Kijana mcheshi, bado hajaoa. "Akina mama wa kanisa mnanilisha mno," akasema. "Zipu imegoma." Binti alikuwa ametoka kununua vifungo. Mama akampima, na pini zake mdomoni akauliza, "Mchungaji, mtu akitubu na amani isirudi, shida ni nini?"

"Ametubu nini?"

"Wasiwasi juu ya mtoto."

"Sikuulizi wasiwasi, mama. Huo wasiwasi uliufanyia nini?"

"Niliuombea."

"Ulimwombea mtoto, au ulimsema?"

Mama akatoa pini mdomoni, moja moja, akazichomeka kwenye kitambaa. Akakumbuka utamu wa yale macho ya kikundi yaliyomgeukia. Siku ile hakuwa mjane wa kushona sare. Alikuwa mama shujaa anayepigania roho ya mwanawe. Na chini ya hayo kulikuwa na jingine: hakuamini kwamba Mungu angemfikia binti bila yeye kumsukuma.

"Lakini yeye ndiye aliyeacha kusali," akasema kwa sauti ndogo.

"Ya kwake hatujaulizwa. Wewe lete dhambi ya kwako. Ilete yote, bila kukunja pindo, Yesu ataiondoa. Mungu umeshamwambia. Binti umemwambia?"

Binti aliporudi, mama alisimama. "Mwanangu, ulinipa siri nikaitoa. Wala si mapenzi kwako yaliyonifanya niitoe. Nilipenda kusikilizwa. Nisamehe."

Binti akamimina vifungo kwenye kopo. "Nasubiri 'lakini'."

"Haipo."

"Wewe, mama? Bila lakini?" Tabasamu likamchungulia, akalirudisha ndani. "Haya. Mimi nimeshaanikwa. Utanianua vipi?"

"Alhamisi nitasema mbele yao."

"Na Spika akiuliza kama nimerudi kwa Mungu?"

"Nitanyamaza."

"Wewe?"

"Mimi."

Alhamisi alisema. Alisimama kwenye duara, akakiri: yale hayakuwa yake kuyatoa, amemkosea mwanawe, amewabebesha na wao. Spika akaitikia amina, kisha akasogeza kiti. "Sasa binti anaendeleaje? Tujue pa kupiga."

Ulimi ukamwasha. Angalau kaneno kamoja tu, kwa nia njema! Mama mwenzangu, hapo ndipo tunapoangukia, kwenye nia njema.

"Hilo ni lake na Mungu wake," akasema. "Mimi niombeeni mdomo wangu."

Mmoja akaangua kicheko, wengine wakafuata. Spika alinuna, lakini alisali. Na katikati ya sala ile, kabla hajajua kama binti atamsamehe, fundi alisikia kifua kinalegea, pumzi inashuka mpaka chini. Ile "kama" ya "nisamehe kama nimekosa" ilikuwa imekwisha.

Binti hakusamehe siku hiyo, wala kwaya hakurudi. Siku zikapita za kola na pasi. Halafu, wakimalizia sare za mwisho za muhula, akasema, "Jana nilijaribu kusali. Nikasinzia katikati."

Ushauri ukampanda mama mpaka kooni: saa nzuri ya kusali, zaburi ya kuanzia, kufunga. Akaumeza wote.

"Ulikuwa umechoka, mwanangu."

"Nilichoka kweli," binti akasema. Akazima pasi, akavuta kiti karibu, akaendelea kusema. Mama akaweka mkasi chini, akasikiliza.